Nilipewa siku nne nipime pikipiki kubwa ya safari kama inafaa kwenda kazini kila siku, Kayole hadi mjini

Wakuu, poleni na kazi.

Kabla sijaanza niweke wazi: siuzi kitu, na pikipiki ninayoizungumzia haiuzwi. Ilikaribia kuuzwa, na kidogo iuzwe kwa sababu yangu. Nitaeleza yote kama yalivyokuwa, hata pale nilipoaibika.

Mimi naishi Kware, kwenye zile ghorofa ambazo ukianika nguo jirani wa mbele anaweza kukuanulia. Shule niliacha Form Two. Tangu hapo nimekuwa taniboi, yaani utingo, wa lori la Malaba, nimepaka rangi, nimeziba pancha, nimeendesha boda miaka minne. Sikai sana mahali. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuwasha nataka kingine.

Siku hizi napatikana kwenye gereji moja ya jua kali pale Kariobangi. Hapo ndipo nilipomjua Mzee Wandera.

Mzee alifanya kazi reli hadi akastaafu. Anaishi Kayole, na ana pikipiki ambayo ikiingia gereji watu wanaacha kazi. Ni zile kubwa za safari ndefu, cc elfu moja na mia mbili, tangi pana, kioo cha upepo mbele, masanduku mawili ya alumini ubavuni. Aliinunua kwa mzungu aliyemaliza safari yake hapa Nairobi akapanda ndege akaenda. Kila Desemba Mzee aliipanda hadi kwao Busia.

Sasa magoti yamekataa. Alikuwa anarudi nyumbani kabisa, na mteja wa mambo ya utalii alikuwa aje kuichukua Jumamosi.

Lakini binti yake, Nabwire, aliitaka. Nabwire ni muuguzi katika hospitali moja upande wa Upper Hill. Ana pikipiki ya 150 ambayo ameendesha miaka mingi bila shida, ila alfajiri malori ya Outering yanampita kama hayamwoni. Alisema hiyo kubwa hakuna dereva atasema hakuiona.

Mzee hakuwa na neno na mwanamke kuendesha. Hofu yake ilikuwa uzito.

Jumatatu alikuja gereji akaniita kando.

"Kijana, ni wewe ulisoma chote kile kitabu cha maelekezo cha pikipiki yangu?"

"Mpaka kurasa za Kijapani, Mzee. Hizo niliangalia picha."

"Basi ichukue siku nne. Ipande kama mtu wa kazi, asubuhi na jioni, jam na mvua. Ijumaa uniambie ukweli. Ukisema inafaa mjini, inabaki kwa Nabwire. Ukisema haifai, Jumamosi inaenda. Na usimpendelee mtu."

Wakuu, sijawahi kupewa kazi kama hiyo. Nilijiona mkubwa kuliko pikipiki yenyewe.

Nianze na mazuri, maana najua wengine mmefungua uzi huu kwa ajili ya hayo.

Matuta ya Spine Road ambayo kwa boda unayahisi hadi kwenye meno, hii inayapita kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Umekaa juu, unaona juu ya paa za magari madogo, kwa hivyo unajua jam imesababishwa na nini kabla wenzako hawajaanza kulaumu serikali. Breki zake ni za kuaminika. Lori likipita kando, upepo wake huusikii. Taa yake alfajiri inafanya watu wakupishe bila hata kupigiwa honi.

Mabaya sasa.

Joto. Ukikwama kwenye jam jua la saa saba, injini inakuchoma paja la ndani kama umekaa karibu na jiko la chapati. Mafuta inakunywa karibu mara mbili ya boda. Gia ya kwanza ni ndefu, kwa hivyo kwenye foleni unacheza na klachi hadi mkono unauma. Na yale masanduku. Siku ya kwanza nilijaribu kupenya katikati ya magari mawili kama nilivyozoea, nikabaki nimekwama hapo kama mfupa kwenye koo. Konda wa matatu akatoa kichwa nje.

"Boss, hiyo si nduthi, hiyo ni nyumba ya bedsitter. Panga foleni na wenye nyumba."

Nilipanga foleni.

Jumanne ndiyo siku yenyewe.

Nilikuwa natoka Kariobangi sokoni naingia kichochoro cha gereji, mwendo wa mtu anayetembea, usukani umepindwa kushoto. Mkokoteni wa vitunguu ukasimama mbele yangu ghafla.

Mnaoendesha boda mnajua tunachofanya hapo. Unafinya breki ya mbele, unatupa mguu chini, mguu unaishika pikipiki, maisha yanaendelea. Boda tunaiendesha kwa miguu nusu ya siku. Kwenye foleni miguu yote iko chini inapiga makasia. Hata abiria mzito akiyumba, mguu unashika.

Nikafinya. Nikatupa mguu.

Ile kitu na mafuta yake ni kama robo ya tani. Mguu wangu ulikuwa kama kijiti kilichosimamishwa kuzuia ukuta. Ilishuka polepole, bila haraka, huku naiona inavyokuja, na nikaendelea kuizuia kwa ujinga hadi kifundo kikapinda.

Watu wanne waliiinua. Kofia ya chuma ilinisaidia sana, si kwa usalama, bali kwa kuficha uso. Mwenye vitunguu akanitazama kwa upole.

"Umeipaki ama imekupaki?"

Pikipiki haikuumia. Chuma za kinga zilizo ubavuni zilipokea pigo lote. Mimi ndiye nilirudi Kware kwa kuchechemea, nikalala nimeweka mguu juu ya kiti cha plastiki, na usiku huo nikafikia uamuzi. Haifai. Mimi ni mwanaume mrefu, nimebeba simiti, nimeendesha boda miaka minne, na imeniangusha nikiwa karibu nimesimama. Nabwire ananifikia begani. Itamvunja. Mzee alikuwa sawa.

Jumatano niliipanda tena, asubuhi na jioni, lakini kusema kweli nilikuwa tu nakusanya sababu za kukataa. Mnajua ile ya kumchukia mtu halafu hata anavyokula kunakukera.

Alhamisi jioni nikaenda Kayole. Sikutaka kusubiri Ijumaa. Mzee alikuwa ameketi kwenye ua mdogo ulio mbele ya vyumba vyao, na Nabwire alikuwa ameamka muda si mrefu kwa sababu alikuwa zamu ya usiku.

Nikaanza kueleza. Nilipofika kwenye mkokoteni, Nabwire akaniambia nivue kiatu.

Akakishika kile kifundo, akakigeuza taratibu, nikauma midomo.

"Ulikuwa unaizuia isianguke," akasema.

"Sasa ningeiacha?"

"Ndiyo. Mgonjwa wa kilo mia moja akianguka wodini, ukijaribu kumdaka mnakuwa wagonjwa wawili. Unamshusha, unatoka njiani, halafu unamwinua vizuri." Akanirudishia mguu wangu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. "Na hiyo breki ya mbele usukani ukiwa umepinda, ulifundishwa na nani?"

"Steji, na boda wenzangu."

"Nilidhani ulisoma kitabu."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Na kweli kitabu kilikuwa kimesema. Nilikisoma kama hadithi ya watu wengine.

Halafu Nabwire akaniuliza swali ambalo hadi leo linanifanya nikune kichwa. "Kiti umekiweka juu ama chini?"

Kile kiti kina nafasi mbili. Nilijua, kitabu kinaonyesha na picha. Nilikuwa nimekiacha juu siku zote tatu kwa sababu hapo ndipo kilinifaa mimi.

"Kwa hivyo hukuwa unanipimia mimi," akasema, bila hasira. "Baba, ruhusu tuilaze."

Mzee aliacha kucheka. "Kuilaza wapi?"

"Hapa chini. Kwa magunia. Nione kama nitaiinua. Nikishindwa, mteja aje kesho badala ya Jumamosi, na sitasema kitu."

Mzee alitazama pikipiki yake, akatazama binti yake. Mwishowe akaingia ndani akatoka na magunia matatu na godoro la mtoto, akayapanga chini mwenyewe kwa mkono, magoti yakilalamika. Tukaishusha upande wa kulia, mimi na jirani mmoja. Tangi lilipogusa gunia Mzee alifumba macho.

Nabwire aliiweka gia, akafungua stendi ya kando ili iwe tayari, akageuza usukani. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kuona mwanaume wa steji akifanya: aliipa mgongo. Akachuchumaa, makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma. Akavuta pumzi. Akaanza kurudi nyuma kwa hatua fupi fupi, miguu ikisukuma, mikono imenyooka haifanyi kazi yoyote.

Ilisimama. Ikaegemea stendi yake kama vile haikuwahi kulala.

"Hivyo ndivyo tunavyoinua watu," akasema, akipangusa mikono. "Ukitumia mgongo kuvuta, utastaafu mapema kuliko Baba."

Mimi na jirani, mabega yetu yote manne, tukabaki kukusanya magunia.

Ijumaa Nabwire hakuwa kazini, kwa hivyo tulianza upya. Niliyatoa masanduku, nikashusha kiti, nikachagua ile hali ya injini ya kuendeshea kwenye mvua, ambayo inafanya mafuta yaingie kwa upole. Yeye akaendesha, mimi nikakaa nyuma. Spine Road, Outering, hadi lango la hospitali yake, na kurudi.

Nilijifunza zaidi saa hizo tatu kuliko siku zote za kwanza.

Mwendo ukiwa mdogo anatumia breki ya nyuma peke yake. Kabla ya kusimama anaangalia barabara inainamia upande gani, ndipo anashusha mguu mmoja, upande wa juu. Hapigi makasia. Na kwenye jam hapenyi hata kidogo; anakaa katikati ya leni yake kama gari, na magari yanamheshimu kama gari. Boda zilitupita nyingi. Nilimwambia sikioni kwamba tunaachwa.

"Acha waende. Mimi huwa nimesimama na wagonjwa masaa kumi na mawili. Nataka kufika nikiwa bado mtu."

Hapo ndipo nikaona nilikuwa nimeuliza swali la boda: inapenya wapi? Yeye alikuwa na swali lake: itanifikisha na kunirudisha, kila siku, bila kunimaliza? Kwa swali langu pikipiki ile imefeli. Kwa lake imepita, na alama zimebaki.

Joto lilikuwepo. Anasema atavaa suruali nzito. Mafuta anajua. Tairi zake si za kupatikana kila duka, hiyo nayo nilimwambia.

Tuliporudi Mzee alikuwa ameketi palepale, simu mkononi. Mteja alikuwa amempigia mara mbili kuthibitisha.

"Haya. Sema."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yakaisha. Nikamwambia, "Mzee, ataiangusha. Sitakudanganya. Siku moja, kwa lango ama kwa kituo cha petroli, ikiwa imesimama ama inatambaa. Lakini barabarani anaiendesha vizuri kunishinda mimi. Na ikianguka ataiacha ianguke, halafu ataiinua."

"Kwa hivyo inafaa mjini?"

"Kwangu haifai. Kwake inafaa."

Mzee akaizungusha simu mkononi. Alimtazama Nabwire, ambaye wakati huo alikuwa anajifanya anafuta kioo ambacho kilikuwa safi. Kisha akapiga.

"Ndugu yangu, usijisumbue kesho," akasema. "Hapana, si bei. Ina mwenyewe."

Nabwire aliendelea kufuta kile kioo kwa muda mrefu sana.

Hiyo ni miezi minane iliyopita. Mvua zile ndefu zimepita juu yake. Ameiangusha mara moja, kwenye maegesho ya hospitali, na nilijua tu kwa sababu alinitumia picha ya mkwaruzo kwenye ile chuma ya ubavu akiniuliza rangi gani inafanana. Oili na breki naangalia mimi kila mwezi. Kwa mtu wa kuhamahama kama mimi, hii ndiyo miezi mingi zaidi nimewahi kukaa karibu na kitu kimoja, na bado sijachoka kukishangaa.

Nilichojifunza, wakuu: ukiombwa kupima chombo cha mtu mwingine, shusha kiti kwanza. Pima kwa urefu wake, njia yake na zamu yake. Mimi nilipima kwa miguu yangu na mazoea ya steji, nikakaribia kumnyang'anya dada wa watu pikipiki ya baba yake kwa ushahidi wa kifundo kimoja.

Na wale mnaotumia hizi kubwa kwenda kazini kila siku, karibuni tuelimishane. Hilo joto la paja mnalifanyaje? Kuna aliyejaribu kuweka kinga ikasaidia? Na kina dada mnaoendesha, tuambieni mbinu zenu za kusimama kwenye mteremko, maana steji hatufundishwi. Nitasoma kila jibu.