Moja Nukta Nane

Kwa miaka kadhaa niliuza kompyuta za mitumba Kitengela kwa sentensi moja tu: namba ikiwa kubwa, mashine ina mbio. Mbele ya kila mashine nilibandika kikaratasi cha kasi yake kwa gigahezi, 1.7, 2.4, 2.8, na mteja akapanda mwenyewe mpaka mfuko wake ulipomwambia asimame. Mtaa mzima ulielewa. Hata mama wa sukuma wiki angekuambia 2.8 inashinda 2.4, na hajawahi kugusa kompyuta.

Halafu, miaka ya elfu mbili ikianza kuzeeka, nikapata Nairobi mashine kumi za aina mpya kwa bei nzuri. Bei nzuri hunikosesha amani. Nilizihesabu kule, nikazihesabu tena dukani, zikawa kumi. Shida haikuwa hapo. Shida ilikuwa namba: 1.8. Aliyeniuzia alisema nisijali, ndani ya prosesa moja, ule ubongo wa mashine, mna prosesa mbili. Nilimtazama usoni nikajiona mimi mwenyewe nikiongea na wateja wangu.

Hakuna aliyezitaka. Watu waliweka mkono nyuma ya mashine, wakakosa joto, wakakosa kelele. Kwetu kompyuta ilipaswa kunguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, la sivyo haifanyi kazi.

"Hii imezima," mteja mmoja akaniambia.

"Haijazima."

"Basi imelala. Niamshie ile ingine."

Jirani yangu wa kuuza simu alinionea huruma. "Jumlisha, buda. Moja nukta nane mara mbili. Andika 3.6, ni hesabu ya darasa la nne." Nilichukua kalamu, nikairudisha. Sikujua kama ningekuwa nadanganya, na mtu akidanganya ni vizuri awe anajua.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kisaju, Mmaasai, nesi aliyestaafu. Alikuwa na kompyuta moja, 2.4, niliyomuuzia mimi, na sasa alikuwa ameweka kiinua mgongo chake chote kwenye chumba cha kuchapa barua kule Kajiado, karibu na ofisi za serikali. Alitaka mashine ambayo haitamfukuzia wateja.

"Sopa, yeyo," nikamsalimia kwa Kimaasai, yaani hujambo, mama.

"Ipa. Moja nukta nane? Umeanza kuuza zenye zimechoka?"

Nikamweleza habari ya punda wawili wa maji kwenye mkokoteni mmoja.

"Punda wawili wadogo," akasema.

"Lakini ni wawili, yeyo."

"Na kama niko na mtungi mmoja? Barua ni moja, kijana yangu. Na ni wewe ulinifundisha kusoma hiyo namba."

Swali la mtungi lilikuwa langu pia, na mimi nilikuwa na mashine kumi. Tulivutana mpaka akatoa sharti: niibebe hadi Kajiado, nikae naye siku nzima ya soko. Mteja mmoja akiondoka kwa kuchoka kungoja, narudi nayo, na nauli ni yangu.

Siku hiyo sikuketi. Niliingia, nikatoka, nikasimama mlangoni kama askari ambaye hajui analinda nini. Asubuhi zilikuja barua fupi fupi, na kwa barua fupi mashine mpya haikuwa na tofauti yoyote na ile yake ya zamani. Mama aliniangalia juu ya miwani. Nikaanza kupiga hesabu ya nauli.

Karibu saa sita akaingia karani mwenye haraka na flash yake. Miaka ile flash ilikuja na virusi kama mbuzi na kupe. Mama akaichomeka, antivairasi ikaanza kuisafisha, naye akaondoa mikono kwenye kibodi na kuipakata, kwa mazoea. Kwa ile 2.4 hapo ndipo kila kitu kilipoganda, na mteja akaanza kutazama saa.

"Endelea na ile barua ingine, yeyo."

"Si inasafisha?"

"Endelea tu."

Akagusa herufi moja kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu uji. Herufi ikatokea. Akagusa ya pili. Akamaliza mstari, akamaliza ukurasa, antivairasi bado ikichakura kule chini, na printa ikitoa karatasi ya mtu mwingine. Flash ikawa safi, na barua ya karani nayo ikatoka.

"Imeisha?" karani akauliza. "Hata sijaketi."

Mama alisimama. Alizunguka meza, akaweka mkono nyuma ya mashine, akautoa, akarudi kuchapa.

Hadi jioni hakuna aliyeondoka. Alinilipa, akarudia kuzihesabu noti kabla ya kuziachilia, jambo ambalo nililiheshimu.

"Umebaki na ngapi?"

"Tisa."

"Na hao wateja wengine utawaambia nini?"

Nikakubali kwamba sijui.

"Walete hapa waone," akasema. "Lakini kila mmoja achapishe ukurasa. Na alipe."

Nilijaribu kumshusha hadi nusu ukurasa. Alikataa.