Mwalimu wa Kichina Aliyejivika Kibao

Saa mbili asubuhi, moshi wa kuni unatoka dirishani mwa darasa moja la Makole, na wala hakuna anayekimbilia ndoo ya maji. Ndani, Mwalimu Dorkasi Matonya anakoroga uji wa ulezi, watoto wamemzunguka. Anaomba sukari kwa Kichina. Mtoto analeta chumvi. Anatikisa kichwa, anaomba tena kwa Kichina kilekile. Darasa zima linacheka, na sukari inakuja.

Ndivyo anavyofundisha. Ukivuka mlango huo, hadi saa sita ni Kichina tupu. Hakuna kutafsiri. Kuna uji, vikombe, ufagio, na mwalimu mwenye sauti ya kuita mbuzi mlimani.

"Kichina changu ni cha jikoni," anasema bila haya. "Cha ofisini sikijui na sijidai. Niliwapikia madaktari wa Kichina hapa mjini miaka tisa. Wao Kiswahili hawana, mimi Kichina sina, na njaa haisubiri mkalimani. Tulielewana!"

Mwaka huu wa 1997, kila mwenye chumba na madawati manne hapa Dodoma anafungua shule ya Kiingereza. Bwana Cornel, mwenye shule hii ya awali, akaona awazidi kete. Maduka yamejaa chupa za chai na baiskeli kutoka China, na wafanyabiashara wanataka watoto watakaokwenda kuagiza mzigo wenyewe. Akamwajiri Dorkasi kwa shilingi elfu thelathini na tano kwa mwezi.

Mambo yalikwenda vizuri hadi mwezi uliopita, Bibi Anna alipokuja kumwona mjukuu wake Abeli, mwenye miaka sita. Mtoto alimwona bibi mlangoni, Kichina chote kikamtoka.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu."

Bwana Cornel alisikia. Akaenda ofisini, akarudi na kibao chenye kamba, kimeandikwa MIMI NI MJINGA. Si yeye aliyekibuni. Zipo shule ambazo mtoto akiteleza kwa Kiswahili, anakivaa hadi jioni. Akaamuru Abeli avalishwe palepale, bibi yake akiwa amesimama.

Dorkasi alikipokea. Akajivika mwenyewe.

"Nilimwambia, bosi, mtoto aliyemwamkia bibi yake hana kosa. Kama kuna mjinga hapa, ni mimi niliyekubali kufanya kazi na wewe."

Na hakukivua siku hiyo nzima! Alifundisha nacho, akaenda nacho sokoni kununua mchicha, akarudi nacho nyumbani. Wengine walicheka, wengine walimwonea huruma. Aliyeuliza alielezwa yote, pamoja na jina la mwenye kibao.

Jambo hili lina mzizi. Akiwa darasa la pili huko Kibakwe, Dorkasi alimjibu mama yake kwa Kigogo uwanjani mwa shule. Mwalimu akamfunga mfupa wa ng'ombe shingoni, mama akiangalia. Mama huyo hakukanyaga tena shuleni.

"Mama yangu aliona aibu kuzungumza na mwanawe," anasema. "Halafu leo mimi nimvishe mtoto wa mwenzangu? Thubutu!"

Nilimfuata Bwana Cornel, naye hakuficha. "Huyu mama ananiharibia biashara. Bila adhabu lugha haikai. Muhula ukiisha, ama awavishe watoto kibao, ama aondoke."

Lugha haikai? Mimi nimekaa darasani humo asubuhi nzima, nikakanyaga mchele uliomwagika, nikafokewa na Abeli kwa Kichina mpaka nikainua mguu.

Dorkasi hangoji muhula uishe. Kazi ataikosa, na mshahara mwingine hana. Anajua hilo na limemnyima usingizi. Lakini chumba cha uani kwake ameshakisakafia kiwe darasa lake mwenyewe, mafiga ameshayapanga, na Bibi Anna ameahidi kumleta Abeli.

"Kichina kitabaki palepale, tena kikali," anasema. "Ila mama na bibi watakuwa wanaingia, wanapewa kiti, wanaamkiwa na watoto wao kwa lugha waliyozaliwa nayo. Cornel naye akitaka aje. Uji atapewa. Kibao akiache barabarani."