Toleo Ambalo Anainuka

Mshona magodoro wa mtaa wetu ana ulimi mkali kuliko sindano yake, na sindano yake ni ya kushonea magunia. Sijawahi kumwona akinunua kitu bila kukitukana kwanza. Amegombana na muuza pamba kwa sababu pamba ilikuwa na mbegu, amegombana na mwenye nyumba wake, amegombana na fundi cherehani ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza kama godoro la mtoto lina bei ya mtoto. Alifiwa na mumewe mapema akabaki na mwana mmoja wa kiume, akamlea katikati ya marobota ya pamba kwa uji, kofi na matusi, mradi akakua.

Mimi simpendi. Nasema mapema ili mtu asije akadhani namsifu. Nauza filamu, duka langu linatazamana na kibanda chake, na siku zote ananiita "kijana wa uvivu" ingawa mvi zangu zinashindana na zake. Kwake yeye, mtu anayekaa kitini akiuza picha za watu wanaopigana ni mwizi ambaye hajakamatwa tu. Mwanawe alipokwenda kufanya kazi kwenye filamu, kazi ya kuanguka, lawama zote zilinishukia mimi. Eti nilimharibu.

Ndiyo, kuanguka ni kazi. Steringi, yule shujaa wa filamu, hawezi kupigana na hewa. Lazima awepo mtu wa kurushwa dirishani, wa kugongwa na gari, wa kutupwa kutoka juu. Kijana yule aliifanya vizuri. Tangu mdogo alikuwa akipanda juu ya marobota na kujiangusha kwenye magodoro ya wateja, mama yake akimfukuza na kipande cha ubao. Filamu yake kubwa ilikuwa moja, ya wageni. Humo ni jambazi asiye na jina, anapigana na steringi juu ya paa, anakabwa shingo, anatupwa. Uso wake unaonekana vizuri, macho yamemtoka, kisha hayupo tena. Kazi ilipokwisha alirudi nyumbani mzima. Kilichomuua ni homa, baadaye kabisa, kitandani kwake.

Hapo ndipo vita vilipoanzia. Mama anasema mkwe wake, mke wa marehemu, alikaa akimkanda mgonjwa kwa kitambaa cha maji badala ya kumpeleka hospitali. Mkwe, anayefua mashuka hotelini, anasema alitaka kumpeleka, ila mama mtu alisimama mlangoni akisema huo ni uchovu, mwacheni alale. Tangu mazishi wanarushiana maiti hiyo, bombani, sokoni, popote wanapokutana. Mtaa mzima unaijua kesi na wengi wameshachagua upande.

Kilichobaki kati yao ni binti wa marehemu, mtoto wa darasa la kwanza. Siku moja aliingia kwa majirani akawakuta wameweka filamu ile, akamwona baba yake akitupwa kutoka paani. Hakulia. Alirudi nyumbani akiwa na jibu la swali ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amemjibu sawasawa. Tangu hapo anamjua aliyemuua baba yake, na anamsubiri. Shuleni alimng'ata mwenzake aliyejifanya steringi, mwalimu akaita mzazi. Ngazi hapandi tena, na usiku anagutuka akipiga kelele.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi mama yake aliingia dukani kwangu akimkokota mkono.

"Nipe ile filamu," alisema. "Ile waliyoikatakata. Ulisema ipo ya kutazama na watoto."

Ipo kweli. Filamu ile ina matoleo matatu ya kutazamia nyumbani. La kwanza ni la familia, wametoa damu yote, na pambano la paani wamelitoa lote. La pili ni refu, wameongeza vipande hata vile ambavyo hakuna aliyevililia, na paani wanapigana mpaka unawahurumia wote wawili. La tatu lina diski mbili ndani ya boksi la bati lenye sura ya steringi. Hilo linanikalia tu, maana diski ya pili ni ya watu kuongea.

"Nitamwonyesha mwanzo mpaka mwisho, aone baba hayumo," alisema kwa sauti ya chini. "Nitamwambia aliota."

Mtoto alikuwa mbele ya bango la steringi, anamkwaruza jicho kwa ukucha. Nikamwambia aache, bango ni mali. Akanitazama kama bibi yake anavyonitazama kila asubuhi. Mtoto wa nyoka ni nyoka; mjukuu sijui tumwite nani.

Toleo la familia lilikuwa tayari mkononi mwangu mshona magodoro alipoingia kutoka mlangoni alikokuwa akisikiliza, sindano imechomekwa kwenye nguo kifuani, vinyoya vya pamba kichwani.

"Rudisha hiyo ulipoitoa," alisema.

"Shikamoo, mama," mkwe alisema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

"Shikamoo yako kaa nayo. Eti mtoto aambiwe aliota. Wewe kijana wa uvivu, nipe ile anayoinuka."

"Anayoinuka nani?"

"Mwanangu."

"Hakuna hiyo, mama. Akishatupwa ametupwa. Kwenye zote anakufa."

"Usinifundishe mwanangu alivyokufa. Aliniambia kwa mdomo wake kwamba aliinuka, wakampigia makofi, na kamera bado ilikuwa inamtazama. Kama ilimwona, ipo. Tafuta."

"Mama, mtoto halali," mkwe alisema. "Unataka amwone tena baba yake akianguka?"

"Halali kwa sababu hajui mwisho wake."

"Hujali mtoto wewe. Unataka kumwona mwanao tu."

"Na wewe unataka kumfuta. Ulianza na nguo zake ukazigawa, sasa unataka atoke hata kwenye picha."

"Nilizigawa kwa sababu zilikuwa zinanukia yeye. Ungejua kama ungewahi kuja kunitazama badala ya kuja kunisema."

Mteja aliyekuwa anachagua nyimbo aliweka alichoshika, akatoka. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi, na asubuhi ile nyasi ilikuwa biashara yangu. Nilikasirika. Nikawa natafuta neno zuri la kuwafukuzia, macho yangu yakatua kwenye boksi la bati.

"Hii diski ya pili inaonyesha filamu ilivyotengenezwa," nilisema. "Sijawahi kuimaliza. Kama yumo, yumo. Kama hayumo, mnatoka wote na mtoto wenu."

Mkwe alimvuta binti yake kuelekea mlangoni. Binti akajikaza kwenye kaunta, hasogei.

"Mwache aone," bibi alisema.

"Akipiga kelele usiku utakuja kulala naye wewe?"

"Nitakuja."

"Kwangu huingii."

Nikaiweka kwenye televisheni ndogo ninayojaribia diski. Watu walikuwa wakiongea lugha yao na hakuna aliyetutafsiria. Nikaipeleka mbele. Steringi alionekana ameketi, ana taulo shingoni, anakunywa chai kama karani. Halafu likaja paa. Si paa la jengo lolote, ni jukwaa la mbao, na chini yake maboksi matupu ya karatasi yamepangwa marundo kwa marundo.

"Maboksi?" mshona magodoro alisema. "Wamempangia maboksi? Mimi nimo duniani, nashona magodoro, na watu wazima na akili zao wanamtegea mwanangu maboksi?"

"Nyamaza, mama," mkwe alisema.

Akanyamaza. Sikujua kwamba anaweza.

Kijana alitokea ukingoni, akakabwa, akatupwa. Mtoto aliuma mkono wake mwenyewe. Maboksi yalimmeza baba yake, yakatikisika, yakatulia. Nami, nisiye na damu wala ndoa na watu hao, nilijikuta nimeacha kupumua. Kisha mkono ukachomoza, kikafuata kichwa chenye kipande cha karatasi kwenye nywele. Alikuwa anacheka. Steringi akateremka ngazi mbio, akamshika mkono, akamwinua, akaanza kumpangusa mgongo kama unavyompangusa mtoto aliyeanguka uani. Watu walipiga makofi.

Nikairudisha nyuma bila kuombwa. Mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mshona magodoro aliisogelea televisheni mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo, na hakutukana kitu.

"Mbona anampangusa?" mtoto aliuliza.

"Ni mwenzake," nilisema. "Ilikuwa kazi, walikuwa wanaigiza."

"Hakumuua?"

"Hakumuua."

Nilidhani atafurahi. Mimi mjinga. Alikunja uso, akaitazama ile sura ya steringi kwenye boksi la bati, akaisukuma pembeni kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akaipa televisheni mgongo, akawageukia wale wawili.

"Basi baba aliuawa na nani?"

Majibu nilikuwa nayajua yote mawili. Kila mmoja alikuwa na lake, limenolewa, limeshasemwa mbele ya mashahidi. Bibi alivuta pumzi na kidole chake kikaanza kupanda. Mkwe akakiona, akainua kidevu, akasubiri kupigwa ili apige.

Kidole kilibaki hewani. Mtoto alikitazama, akaanza kugeuza kichwa taratibu kufuata kinakoelekea. Bibi akakikunja, akakificha kiganjani.

"Homa," alisema.

Mtoto akamtazama mama yake. Huyo naye akashusha kidevu.

"Homa," alisema.

"Homa tu?"

"Homa tu," walisema, mmoja baada ya mwingine, bila kutazamana.

Mtoto aliwatazama mmoja mmoja.

"Na nyinyi mlikuwa wapi?"