Sauti Kati ya Vibao Viwili

Mimi ndiye niliyemnyamazisha mama. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia bure.

Kanisa letu la Muthara lilinunua kinanda cha stima, nami niliyekuwa nimejifunza miezi miwili tu nikakabidhiwa. Kichwa kikavimba. Mama ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo. Alikuwa na wimbo wa kupepetea nafaka ya wimbi, akautia maneno ya kumshukuru Mungu, na kila mavuno akina mama walileta nyungo zao mbele ya kanisa wakiuimba. Neno la tatu lilipanda mahali ambapo kinanda changu hakikuwa na kitu. Kibao cheupe kilikuwa chini mno, na cheusi kilichofuata kilikuwa juu mno. Mama alitua katikati, imara, bila kupapasa.

Mbele ya kwaya nzima nikamwambia, "Mama, fuata kinanda."

Alijaribu mara tatu. Kisha akaniuliza polepole, "Nimekosea?"

"Ndiyo," nikasema. Mtoto wa juzi anamsahihisha mamake. Tangu siku ile alikaa benchi la nyuma, midomo imefungwa. Hata nyumbani alipepeta kimya, ukasikika ungo peke yake. Alifariki hivyo hivyo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata matanga yaishe. Niliutaka ule wimbo urudi, na hakuna aliyekuwa ameurekodi. Akina mama wa kwaya walikuwa wamefuata kinanda miaka mingi, wakauimba kwa njia yangu. Mimi mwenyewe niliusikia kichwani vizuri kabisa, lakini nikifungua mdomo, koo lilinivuta hadi kwenye kibao.

Kinanda kilikuwa na gurudumu dogo la kupindisha sauti. Lakini lilipinda sauti zote pamoja, na ukiliachilia, springi ililirudisha. Fundi mmoja wa soko la Gakoromone akaniuzia kinanda kingine, kilichotumika, ambacho kila kibao kingeweza kusogezwa peke yake. Akanionya, "Hiki ukikizima kinasahau."

Kilisogea kwa hatua ndogo ndogo. Hatua moja, sauti ya mama niliyoikumbuka ilikuwa juu yake. Hatua iliyofuata, ilikuwa chini yake. Nilikaa mchana kutwa nikibonyeza, na nilipokaribia stima zikapotea. Ziliporudi, kila sauti ilikuwa imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Sikuwa mtu wa kuamini mambo ya ajabu, lakini nilianza kuogopa kukaa na kile kitu chumbani. Ilikuwa kama mtu ananingoja nikaribie, halafu anainuka na kuondoka.

Nikaacha. Nikaoa, tukapata binti, na kwa desturi yetu akapewa jina la mamangu. Kwa hiyo namwita Mama, kama baba wengine wa huku wanavyofanya, na hakuna anayeshangaa.

Alipokuwa na miaka minne, mchana mmoja wa mavuno, aliketi mlangoni pa jikoni na ungo wa marehemu mapajani, akipepeta. Akaanza kuimba bila maneno. Sauti ya tatu ilipanda, ikatua katikati, imara. Hakuna mtu aliyemfundisha, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuuimba.

Ningenyamaza tu. Lakini mjinga ni mjinga. Nilikimbilia kile kinanda chumbani nihakikishe, nikabonyeza cheupe, kisha cheusi.

Ungo ukatulia. Nikageuka, nikamkuta amesimama mlangoni ananitazama.

"Baba, nimekosea?"

Aliuliza polepole.

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Hukukosea. Mimi ndiye niliyekosea."

Nikachomoa waya ukutani, nikaenda kuketi sakafuni karibu na ungo, nikangoja aendelee. Akarudi, akapepeta kimya, midomo imefungwa. Sasa ana miaka tisa. Kila mavuno mimi hukaa pale pale, na bado nangoja.