Jibini ya Moto, Maziwa Baridi

Jibini ikianza kuyeyuka juu ya makaa hutoa harufu mbili, moja nyuma ya nyingine. Ya kwanza ni ya soksi za askari aliyevuka mto bila kuzivua. Ya pili, kwa aliyevumilia na hakukimbia, ni ya siagi na karanga zinazokaangwa pamoja, na hiyo humrudisha jikoni hata mwenye homa. Mimi nilizisikia zote mbili kwa mara ya kwanza mjini Muyinga, uani nyuma ya duka la vitenge la Shangazi Hadija, msimu ule tuliorudi kutoka Tanzania. Nilikuwa msichana mwenye mapengo ya mbele na vumbi masikioni la kutosha kuoteshea mihogo. Hadija hakuwa shangazi wa damu. Alikuwa Mwislamu wa mjini aliyekuwa akivuka mpaka kuja kuuza vitenge kambini kwetu, na huko ndiko alikoshibana na mama yangu. Tuliposhuka kwenye gari la wanaorudi, mama, mimi na magodoro yetu, ni yeye aliyetupokea, akatutandikia chumba, akatulisha mpaka nikaona haya, na mimi si mtu wa kuona haya mbele ya sahani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja kupewa. Kule kambini alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni, watu waliotoka mbali ambao, kwa maelezo yake, walikuwa wakililia jibini kama watoto wanaoachishwa ziwa. Huko alijifunza kuiyeyusha polepole ndani ya maziwa ya moto, kutia kitunguu kilichokaangwa na pilipili, kisha kuweka sufuria katikati ili kila mtu achovye na kuzungumza. Kilikuwa chakula cha watu walioketi kupiga soga, wasio na haraka ya kwenda popote. Hadija naye alikuwa na duara zima la jibini alilopewa na mteja, gumu kama tofali, na kwa kuwa hakujua kazi yake alikuwa akilitumia kuegemezea mlango wa stoo. Mama aliliosha, akalikwaruza, akaliyeyusha. Hadija alichovya kipande cha muhogo kwa woga wa mtu anayeonja dawa ya minyoo, akachovya tena. "Mais, lakini we mama Neema," alisema, "hii foromaji iko na utamu hivi, na mi niko nafungia nayo mlango!" Siku hiyo aliapa kwamba siku mama atakapofanya karamu kwake Makebuko, jibini itatoka Muyinga, hata kama itabidi aibebe kichwani.

Makebuko ndiko kwa baba yangu, katika mkoa wa Gitega, na baba alikuwa amefia kambini. Kwa hiyo mama alikuwa akirudi kwenye shamba la mume asiyekuwapo, kwa mama mkwe ambaye hakuwahi kuliacha hata siku moja. Bibi yangu alikuwa mwembamba kama mpini, na sauti yake iliweza kusimamisha baiskeli inayoteremka mlima. Alikuwa na ng'ombe mmoja, Bihogo, wa rangi ya kahawia, na Bihogo alikuwa na ndama jike. Bibi alituonyesha mahali pa kujenga, akatugawia migomba, lakini majirani waliendelea kumwita mama "yule aliyekuja." Kwetu mtu hapati mizizi kwa nyumba, anapata kwa ng'ombe aliyepewa na mwenye boma mbele ya mashahidi. Bibi alikuwa ametamka kwamba siku ya kuezeka, majirani wakishapandisha mabati, atamkabidhi mama yule ndama. Mama alianza kumkatia majani hata kabla hajawa wake. Nilimwona akimsemesha alfajiri, kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kusemeshwa hata nikiwa na surua.

Siku yenyewe ikafika, na Hadija akafika nayo, mgongoni mwa pikipiki tangu Gitega mjini, akipiga kelele kuliko pikipiki, jibini ikiwa imefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Nadhani nusu ya wilaya ilikuwa juu ya paa letu, na nusu nyingine chini ikitoa maelekezo. Mama alipika viazi, mihogo na ndizi kwa wingi wa kulisha jeshi na maadui wake. Kisha akachukua kibuyu cha maziwa ya Bihogo yaliyokamuliwa asubuhi, akayamimina kwenye sufuria, akaiweka mafigani. Kuni zilikuwa mbichi, zikatoa moshi tu. Sisi tuliokulia Tanzania tulichemsha maziwa kila siku ya Mungu kwa ajili ya chai, na hakuna aliyetuambia lolote. Nilishamwona Bibi akikataa maziwa siku aliyokula njegere, nikadhani ni tumbo lake, si mwiko wa ng'ombe. Mama naye alidhani hivyo hivyo. Kuuliza si ujinga, lakini huwezi kuuliza jambo usilojua kwamba lipo.

Nyundo zilinyamaza kabla sijamwona Bibi. Waliokuwa juu ya paa walikuwa wameona kile alichokiona yeye. Alisimama mlangoni mwa jiko, akatazama kibuyu kitupu, akatazama sufuria.

"Ni maziwa ya nani hayo yaliyo motoni?"

"Ya Bihogo, Mabukwe," mama alijibu kwa heshima, akitumia neno ambalo mkaza mwana humwitia mama mkwe, na kwa tabasamu la mtu anayetegemea kusifiwa.

Bibi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alipiga hatua, akatumbukiza kidole ndani ya sufuria, akakiacha humo kwa muda ulionitosha kuzeeka. "Bado baridi," alisema hatimaye, na paa zima likashusha pumzi. Jirani mmoja, mzee wa kupenda kueleza, ndiye aliyemfafanulia mama kutoka juu ya ngazi: maziwa yakipata moto, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa hupasuka, naye hukauka, ukipenda kumuua ng'ombe wa mtu bila kisu, chemsha maziwa yake. Mama alipiga magoti pale pale kwenye majivu. Bibi aliiepua ile sufuria, akaipeleka ndani kwake kwa mikono yake, na alipopita alisema bila kumtazama: "Habari ya ndama tutaiona." Kisha akaenda kukaa karibu na zizi, mgongo wake ukitugeukia.

Mama alitaka kuvunja karamu. Hadija ndiye aliyekataa. "Watu iko na njaa, we iko nalia," alimwambia. "Maji ya viazi iko wapi? Tia ile!" Na kweli, maji yaliyochemshiwa viazi yalikuwa bado kwenye sufuria, meupe na mazito. Mama aliyapasha moto, akamwagia jibini iliyokwaruzwa kidogo kidogo, akikoroga huku machozi yakimdondokea, ambayo kwa maoni yangu yaliokoa chumvi. Akakaanga kitunguu kwa mawese, akatia pilipili. Ikaiva, nzito, ya rangi ya jua la jioni, ikivutika kutoka kwenye sufuria hadi mdomoni bila kukatika. Majirani walikunja nyuso kwa ile harufu ya kwanza, wakasubiri ya pili, kisha wakazingira sufuria. Mwezekaji mmoja alining'iniwa na uzi wa jibini mpaka kidevuni, wenzake wakamwambia aufungie mbuzi kama kamba. Kicheko hicho ndicho kilichomfanya Bibi ageuke. Akaja, akachukua kiazi, akachovya, akatafuna. Akachovya tena. Alipochovya mara nyingine tena aliuliza, huku mdomo umejaa, kitu hicho kinatokana na nini.

Hadija, aliyesimama nyuma ya Bibi, alimkonyeza mama na kuinua mkono kuelekea migomba, kana kwamba ni aina ya ndizi. Ingetosha. Hakuna aliyewahi kuona jibini pale, na ndama alikuwa bado anaweza kupatikana kwa uongo mdogo. Mama alinitazama, akatazama zizi. "Ni maziwa, Mabukwe. Yaliganda, yakachujwa maji, yakakaa. Na leo nimeyapitisha motoni." Kila kiazi kilisimama hewani. Bibi alimeza alichokuwa nacho kinywani, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa chakula.

"Ya ng'ombe gani?"

"Simjui. Yametoka mbali."

Bibi alifikiri. Alitazama upande wa Muyinga kana kwamba angeweza kumwona yule mnyama wa watu akihangaika na chuchu zake. "Basi mwenyewe atajua la kufanya," alisema, akachovya. Ndipo, mdomo ukiwa na mafuta, akawaambia majirani wasikie: yule ndama ni wa mkaza mwanangu, kwa kuwa mtu anayeweza kunidanganya nikiwa nimeshiba na asinidanganye, huyo atamchunga hata nikiwa sipo. Mzee wa ngazini akataka kutoa hotuba, akapewa muhogo.

Siku hizi jibini inauzwa Gitega madukani, imefungwa kwa plastiki, na mimi huiyeyusha kwenye jiko la gesi wenzangu wa masomo ya jioni wanapokuja kutazama mpira. Ni nzuri, huisha haraka, hakuna anayeuliza imetoka kwa nani. Bibi ametangulia. Mama ana ng'ombe sasa, uzao wa yule ndama, na hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuwa "yule aliyekuja." Nikienda kumpikia hubeba maziwa ya pakiti, kwa maana ya zizini kwake hayapandi jikoni, hata kwa chai ya mgeni. Mwaka jana nilimchokoza: wewe uliyechemsha maziwa nusu ya maisha yako Tanzania, mama, umeanza lini kuamini mambo haya?

"Siamini," alisema, akikinga kibuyu chake kwa kiganja. "Lakini ng'ombe sijamuuliza kama na yeye haamini."