Jiwe la Mama Fredy

Mwalimu Mabula wa Maganzo aliandika hadithi fupi kwa miaka arobaini. Kitabu cha mwisho alikimaliza macho yakiwa yameanza kumtupa: hadithi kumi na moja, zote za watu wa kawaida wa huku kwetu. Aliyoipenda zaidi ilimhusu jirani yake Agnetha, ambaye wengi humwita Mama Fredy, mjane aliyechekecha changarawe miaka ishirini na miwili bila kupata almasi, na bado kila asubuhi alirudi machimboni. Agnetha mwenyewe alikubali jina lake litumike.

Mhariri wa Dar es Salaam alimpigia simu akasema hadithi ile haina mwisho, wasomaji watataka mama apate jiwe. Mwalimu akakataa. Alipopigiwa tena alikataa kwa ukali, kisha miezi saba ikapita kimya.

Kitabu kilipotoka alikipeleka kwa Agnetha, na binti wa Agnetha, Loveness, akawasomea. Kwenye ukurasa wa mwisho Agnetha aliokota almasi kubwa kama punje ya hindi. Mwalimu akamwomba Loveness arudie, akidhani amesikia vibaya. Alipompigia mhariri, alijibiwa kwamba ni marekebisho madogo tu, na nakala zilishasambazwa.

Wiki ya tatu shemeji yake Agnetha, Wiliam, alitoka Kishapu na kitabu kwapani, akitaka fungu la marehemu kaka yake. Agnetha alimtembeza nyumba nzima, akamwonyesha hadi chekeche lililotoboka. Wiliam hakuamini. Alisema mambo yameandikwa, na aliyeandika ni mwalimu.

Agnetha akaenda kwa Mwalimu. Alimwamkia, lakini hakukaa.

“Sikupata kitu miaka yote hiyo na hakuna aliyenisumbua,” alisema. “Leo naitwa mwizi kwa jiwe ambalo sijawahi kuliona.”

Mwalimu alichukua nakala alizotumiwa, akafuta mwisho ule kwa peni na kuandika wa kwake pembeni, moja baada ya nyingine, Loveness akimwelekeza mistari. Kisha akapanda basi kwenda Kishapu kumpa Wiliam moja.

Wiliam alisoma miisho yote miwili taratibu. “Mwalimu,” alisema, “huu uliochapwa ndio wa kweli. Huu wa peni amekutuma shemeji.”

Mwezi wa sita Loveness aliolewa, na upande wa baba yake hakuja hata mmoja. Mwalimu alikuja, akakaa nyuma kabisa. Mgeni mmoja alipomsifia kile kitabu, Mwalimu aliinuka akahamia kiti kingine.