Ripoti ya Saa Mbili Asubuhi

Mwaka niliorudi Lushoto kumuuguza mama baada ya kuvunjika mguu, nilipata kazi ya kusoma malalamiko ya watu nisiowajua. Mhadhiri aliyewahi kunifundisha chuoni alikuwa akitafiti programu za kompyuta zinazotumika kwenye zahanati. Alinitumia jedwali refu. Kila mstari ulikuwa na ripoti ya mtumiaji aliyekwama, na pembeni yake kiungo cha marekebisho yaliyofanywa baadaye kwenye msimbo, yaani yale maandishi yanayoiamuru programu ifanye nini. Nilitakiwa kusoma vyote viwili, halafu niiweke ripoti kwenye fungu lake: hitilafu ya programu, ombi la kitu kipya, au kosa la mtumiaji.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa dada mmoja wa Kwamkoro, kule kwenye mashamba ya chai, ambaye nilimjua kwa sauti tu. Kila mmoja alipanga peke yake, na Ijumaa tulipigiana simu kuzungumzia zile tulizotofautiana.

Nilifanyia kazi jikoni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Mama alikaa karibu na jiko, mguu juu ya kigoda, akichambua maharage.

"Leo wanalalamika nini?" aliniuliza siku moja.

"Huyu anasema akibonyeza kuhifadhi, kila kitu kinafutika."

"Na aliyeitengeneza anasemaje?"

"Anasema kwake inafanya kazi vizuri."

Mama akaguna, akaendelea na maharage yake.

Ripoti iliyotugombanisha ilikuwa fupi. Mtu wa mapokezi aliandika kwamba anampangia mgonjwa saa mbili asubuhi, lakini programu inampeleka saa nane usiku. Nilielewa mara moja. Alikuwa ameandika mbili, akachagua asubuhi, na programu ikahesabu kizungu. Watengenezaji walimjibu kwamba programu haina tatizo, ajifunze kuitumia, wakaifunga ripoti. Mimi niliiita hitilafu. Mwenzangu aliiita kosa la mtumiaji.

"Lakini dada, huyu kaandika saa kama tunavyozisema sote," nilimwambia kwenye simu.

"Kaka, alipaswa kujua. Ni kosa lake."

Kwa kawaida alikuwa mtu wa kusikiliza. Siku hiyo alinijibu kwa mkato kiasi kwamba nilijuta kubishana. Mwishoni alisema kwamba wiki inayofuata anakuja Lushoto kumwona shangazi yake, tutamalizia ana kwa ana.

Alifika asubuhi yenye ukungu, mwanamke mrefu mwenye sweta la kijani. "Shikamoo mama," alisema mlangoni, akipiga goti kidogo. Mama alimjibu, kisha akamgeuzia Kishambaa. Mgeni akajibu kwa Kibondei, wakaelewana nusunusu na kucheka. Chai ilipokwisha tukafungua kompyuta.

Nilimwuliza kama aliyaona marekebisho ya msimbo. Akatikisa kichwa.

"Walishajibu kwamba ni kosa la mtumiaji. Nikaona ya nini kufungua?"

Nikafungua kiungo. Miezi kadhaa baada ya kuifunga ile ripoti, mtengenezaji mwingine alikuwa ameibadilisha fomu. Sasa, ukichagua muda ambao zahanati imefungwa, programu inasimama na kukuuliza kama kweli unamaanisha usiku. Juu ya mistari hiyo alikuwa ameandika maelezo kwa Kiingereza: "Fomu ilipaswa kuuliza tangu mwanzo, na kosa lilikuwa letu."

Mgeni aliyasoma mara mbili. Kisha akavuta kiti nyuma kidogo.

"Nilikuwa mapokezi kwenye zahanati," alisema. "Nilikosea hivyohivyo, wagonjwa kama kumi. Bosi alinisema mbele yao wote. Aliniuliza kama shule nilikwenda kuota jua. Sikumaliza mwezi, nikaacha kazi."

Mama, aliyekuwa akijifanya hasikii, aliacha kuchambua maharage.

"Basi halikuwa kosa lako," alisema.

"Sikulijua hilo, mama. Nilidhani ni mimi tu."

Nami nilikuwa na la kukiri. Siku ambazo mtandao ulikuwa mzito, niliruka viungo vingi na kupanga ripoti kwa kuangalia kichwa cha habari na jibu la mwisho. Nilimwambia. Akasema, "Basi tunaanza upya lile fungu la makosa ya watumiaji."

Tulilisoma lote, yeye akija kila asubuhi kutoka kwa shangazi yake. Ripoti nyingi zilihamia kwenye hitilafu. Nyingine zilibaki zilipokuwa, kama ile ya bwana aliyelalamika kwa aya tatu kwamba printa haichapi, kumbe hakuichomeka kwenye umeme. Hiyo alinisomea kwa sauti, akacheka hadi akafuta machozi kwa mkono wa sweta.

Barua pepe ya kumweleza mhadhiri tulichokosea aliiandika yeye mwenyewe. Nilitarajia tutafokewa. Jibu lilikuja kesho yake: alitushukuru, akaomba maelezo ya kazi yaandikwe upya ili mtu yeyote asipange ripoti kabla ya kufungua msimbo.

Mchana huo nilimsindikiza stendi kupanda gari la Mombo. Alikaa dirishani, begi mapajani, akaniuliza kama nimeshaanza ripoti za wiki hiyo. Nikamwambia bado. "Mimi nimeanza jana," alisema, na gari likaondoka.